SEHEMU YA SITA YA TONE: Dawa mpya ya malaria inavyotafutwa maabara



Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Novartis ya Uswisi ilitangaza matokeo ya dawa mpya ya malaria inayoitwa GanLum. Waliijaribu kwa watu zaidi ya 1,600, wakubwa kwa watoto, katika nchi 12 za Afrika, wakaishindanisha na ile dawa ya mseto tunayoijua wote, Coartem, au kwa jina la hospitalini ALu. Kwa hesabu walizotoa, GanLum iliponya asilimia 97.4 na Coartem asilimia 94.

Habari za namna hii zikitoka huwa zinaanzia mwisho. Unaambiwa dawa imepatikana, imejaribiwa, asilimia kadhaa, basi. Haielezwi aliyeiona mara ya kwanza aliionaje. Ndiyo maana vijana wengi ninaoongea nao wanaamini kuna profesa mmoja alikaa mezani, akaumiza kichwa, akaandika fomula, dawa ikatoka. Wengine wanaamini dawa ipo siku nyingi, imefichwa tu.

Sasa sikilizeni. Ndani ya GanLum kuna dawa mbili. Moja ni lumefantrine, ambayo imo pia kwenye ALu. Nyingine ni mpya kabisa, inaitwa ganaplacide. Hiyo mpya ilianzia San Diego, Marekani, kwenye taasisi ya utafiti ya Novartis, ambapo kemikali zaidi ya milioni moja na nusu zilijaribiwa moja baada ya nyingine juu ya vimelea vya malaria. Na kila jaribio lilifanyika ndani ya kimiminika kisichofika hata tone moja.

Leo nataka nieleze hiyo kazi inafanyikaje. Mimi sio daktari, shule niliishia sekondari, lakini jambo hili mtu yeyote aliyewahi kushika bureti anaweza kulielewa. Na lina faida kwako hata kama hutaingia maabara maisha yako yote. Ukilielewa, siku mtu akikwambia "dawa imepatikana, imeua vimelea vyote maabara", utajua cha kumuuliza.

KWA NINI TUHANGAIKE NA DAWA MPYA?

Kimelea cha malaria ni mjanja. Kila dawa tuliyompa, baada ya miaka kadhaa alijifunza kuizoea. Tanzania tuliiacha klorokwini mwaka 2001 tukahamia SP. Nayo haikudumu, mwishoni mwa 2006 tukaanza dawa ya mseto. Kenya nao walipita njia hiyo hiyo, klorokwini, halafu SP, halafu mseto.

Nguvu kubwa ya mseto inatokana na jamii ya artemisinin, dawa iliyotoka kwenye mmea wa Kichina. Na sasa dalili za usugu kwa artemisinin zimethibitishwa hapa hapa kwetu: Rwanda, Uganda, Tanzania upande wa Kagera, na Eritrea. Usugu wenyewe unaitwa usugu wa sehemu, maana yake vimelea vinachelewa kuisha mwilini, lakini mseto bado unaponya. Kwa hiyo usije ukatupa vidonge vyako, maliza dozi kama ulivyoambiwa. Ila tukisubiri mpaka mseto ushindwe kabisa ndipo tuanze kutafuta mbadala, tutakuwa tumechelewa, maana kutafuta kwenyewe kunachukua miaka mingi. Ganaplacide haitokani na artemisinin. Hapo ndipo thamani yake ilipo.

TATIZO NI WINGI

Unatafutaje kitu ambacho hujui kinafananaje? Njia moja ni kufikiri, kusoma umbo la kimelea na kubuni kemikali ya kumziba mahali fulani. Njia ya pili inaonekana ya kijinga lakini imeleta dawa kibao: chukua kila kemikali uliyonayo ghalani, mwekee kimelea, angalia kama atakufa.

Makampuni makubwa ya dawa yana maghala ya kemikali yanayofika milioni mbili. Tufanye hesabu. Tuseme mtu mmoja anajaribu kemikali moja kila dakika, saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Kemikali milioni 2 zitamchukua zaidi ya miaka 16. Hapo hajaugua, hajafiwa, hajaenda likizo. Na akimaliza itabidi arudie zile zilizoonyesha matumaini.

Kuna tatizo jingine baya zaidi ya muda. Kemikali zenyewe ni chache. Nyingi ziko miligramu tu ndani ya kichupa, na kutengeneza nyingine ni gharama. Ukitumia kijiko kizima kwa jaribio la malaria, kesho mtu wa kifua kikuu akija utamwambia nini? Kwa hiyo ilibidi jaribio lenyewe lipunguzwe, liwe dogo, dogo, dogo zaidi.

TREI YA MAYAI

Wadau wote mnaijua trei ya mayai. Mayai 30, kila moja na kishimo chake, hakuna linalogusa jirani. Sasa ipunguze hiyo trei mpaka itoshe kwenye kiganja, iwe ya plastiki, na badala ya mayai weka matone. Hicho ndicho chombo kikuu cha kazi hii.

Wazo lilianza Hungaria. Mwaka 1951 daktari Gyula Takátsy alikuwa anapima virusi vya mafua. Sampuli zilikuwa nyingi, na kwa mtindo wa zamani kila sampuli ilitaka mirija yake ya kioo. Akachukua bamba la plastiki ngumu akalitoboa vishimo, mistari 6 ya vishimo 12, jumla 72. Bamba moja likafanya kazi ya mirija 72. Baadaye likawa mistari 8 kwa 12, yaani vishimo 96, na hiyo 96 ndiyo ilienea dunia nzima. Hata leo ukienda maabara kubwa ya hospitali yoyote utalikuta.

Kuanzia hapo jamaa wakawa wanagawa tu. Kila kishimo wakakigawa mara nne: 96 ikawa 384. Wakagawa tena mara nne: 384 ikawa 1,536. Ukubwa wa trei haukubadilika hata kidogo, ni sentimita 12.8 kwa 8.5, na umewekwa kuwa kiwango rasmi ili roboti ya kampuni yoyote iweze kuishika trei ya kampuni nyingine. Ni kama kontena za bandarini. Meli, kreni na lori ni vya watu tofauti, lakini kontena ni lile lile.

Kwenye trei ya vishimo 1,536, kutoka katikati ya kishimo kimoja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 2.25. Jicho linakiona, lakini mkono wa binadamu hauwezi kukijaza kwa uhakika. Hapo ndipo roboti zinapoingia.

Na kinaingia kiasi gani? Tuliofanya praktiko ya kemia tulikuwa tunatumia pipeti ya mililita 20 au 25. Mililita moja ina mikrolita 1,000. Tone moja la kawaida la dawa ya macho ni kama mikrolita 50. Kwenye trei ya 96 unaweka kama mikrolita 200, yaani matone manne. Kwenye ile ya 1,536, jaribio la malaria la San Diego lilikuwa la mikrolita 8 hivi. Hiyo ni sehemu ya sita ya tone.

UTAJUAJE KAMA KIMELEA KAFA?

Hapa ndipo pananifurahisha mimi kuliko sehemu zote.

Kwanza unahitaji vimelea vinavyoishi nje ya mwili. Kwa miaka mingi hilo lilishindikana. Mwaka 1976 watafiti William Trager na James Jensen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliweza kukuza kimelea cha falciparum mfululizo kwenye damu ya binadamu iliyowekwa ndani ya chombo. Kimelea hapendi oksijeni nyingi. Unajua waliipunguzaje? Waliwasha mshumaa ndani ya chombo, wakafunika. Mshumaa ukila oksijeni unazimika wenyewe, na hewa inayobaki ndiyo anayoitaka kimelea. Mshumaa tu, wazee!

Sasa una damu yenye vimelea ndani ya kishimo chenye upana wa kichwa cha njiti ya kiberiti, na umeweka kemikali. Unaacha siku tatu kwenye joto la mwili, nyuzi 37. Kwa muda huo kimelea mzima anazaliana. Anayekufa hazaliani. Lakini utawahesabu vipi? Hadubini kwa vishimo milioni mbili ni kazi ya kufa mtu.

Waliosoma baiolojia mnakumbuka kwamba chembe nyekundu ya damu ikikomaa haina kiini. Kama haina kiini, haina DNA. Kimelea anayo. Kwa hiyo ukimwaga rangi inayong'aa pale tu inapokutana na DNA, ndani ya kile kishimo itamulika kimelea peke yake, damu haitamulika. Rangi inayotumika inaitwa SYBR Green. Mashine inapiga mwanga, inasoma trei nzima kwa muda mfupi. Kishimo kinang'aa sana: vimelea wamezaliana, kemikali haina kitu. Kishimo kiko giza: hapo kuna jambo.

Angalieni uzuri wa hiyo kitu. Hakuna kuosha, hakuna kuchuja, hakuna kuhamisha kutoka chombo hiki kwenda kile. Unaongeza, unasubiri, unaongeza, unasoma. Jaribio lenye hatua nyingi za kumwaga na kuosha haliwezi kupunguzwa mpaka mikrolita 8, maana kila ukimwaga unamwaga na vimelea. Kabla ya kupunguza chombo, lazima kwanza upunguze hatua.

HESABU YA DAMU

Turudi kwenye kemikali zetu milioni 2, tuone udogo umeokoa nini.

Ukitumia mikrolita 200 kwa kila jaribio utahitaji lita 400 za kimiminika, yaani madumu 20 ya lita 20. Ukitumia mikrolita 8 ni lita 16, hata dumu moja halijai.

Ndani ya kimiminika hicho chembe nyekundu ni kama asilimia 2.5. Kwa njia ya kwanza unahitaji lita 10 za chembe nyekundu za binadamu. Chupa moja ya mtu aliyejitolea damu inatoa kama mililita 200 za chembe nyekundu, kwa hiyo hapo ni watu 50. Kwa njia ya pili ni mililita 400. Watu wawili.

Trei nazo? Kwa vishimo 96 ni trei zaidi ya 20,800. Ukizipanga moja juu ya nyingine ni mnara wa karibu mita 300. Kwa vishimo 1,536 ni trei 1,300 na kidogo, mnara wa chini ya mita 20. (Hapo sijahesabu vishimo vya ulinganisho, navyo tutavifikia.)

Na ile kemikali adimu? Kila jaribio linachukua nanolita 50 za kemikali iliyoyeyushwa. Mikrolita moja ina nanolita 1,000, kwa hiyo mililita moja ya akiba inatosha majaribio 20,000. Nanolita 50 zinachukuliwa na pini nyembamba. Unachovya, unagusisha, ile inayong'ang'ania kwenye pini ndiyo dozi yako, kama sindano iliyochovywa kwenye wino. Siku hizi kuna mashine nyingine haigusi kabisa, inatumia sauti. Wimbi la sauti ambalo sikio halisikii linapigwa kutoka chini ya kishimo, na tone la nanolita 2.5 linaruka juu kuelekea trei iliyogeuzwa kichwa chini. Tone moja la dawa ya macho lina matone kama hayo 20,000.

UDOGO UNA GHARAMA YAKE

Msije mkadhani ni kupunguza tu mambo yakaisha. Kitu kikiwa kidogo kinabadilika tabia.

Kukauka. Kishimo cha mikrolita 200 kikipoteza mikrolita moja kwa joto, ni nusu asilimia, hakuna atakayejua. Kishimo cha mikrolita 8 kikipoteza mikrolita moja hiyo hiyo, ni asilimia 12.5. Chumvi inazidi, dawa inazidi, kimelea anakufa kwa sababu ambayo haihusiani na kemikali yako. Vishimo vya pembezoni mwa trei ndivyo vinavyokauka zaidi, kwa hiyo ukiwa mzembe utagundua "dawa" nyingi sana na zote ziko ukingoni! Ndiyo maana wanatumia mifuniko maalum na makabati yenye unyevunyevu.

Kung'ang'ania. Ukinunua mafuta ya kula ya kupima dukani, robo lita au hata chini ya hapo, unajua yanavyobaki kwenye kuta za kichupa. Kwenye dumu la lita 20 mafuta yanayobaki ukutani huyajali, kwenye kile kichupa yanauma. Vivyo hivyo kemikali nyingine hupenda plastiki. Kishimo kikiwa kidogo, ukuta unakuwa mkubwa ukilinganisha na maji yaliyomo, na kemikali inaweza kuishia ukutani kabla ya kumfikia kimelea. Utasema haifanyi kazi kumbe haikufika.

Kuchanganya. Huwezi kukoroga sehemu ya sita ya tone. Maji kidogo yanajivuta yenyewe kama tone juu ya jani la mgomba. Yanaweza kuning'inia juu ya kishimo yasishuke, au yakafungia kiputo cha hewa chini. Kwa hiyo trei nzima inazungushwa kwa kasi kwenye mashine ili kila kitu kishuke chini.

Kiyeyusho. Kemikali nyingi haziyeyuki kwenye maji, zinayeyushwa kwenye kitu kinachoitwa DMSO. Nacho kikizidi ni sumu kwa kimelea. Nanolita 50 ndani ya mikrolita 8 ni kama asilimia 0.6. Ukizidisha mara kadhaa utaua kwa kiyeyusho, uisingizie kemikali.

SIMBA NA YANGA

Sasa unajuaje kama trei yako ya leo inasema kweli? Kwenye kila trei wanatenga vishimo vya ulinganisho. Vingine vina vimelea bila dawa yoyote, hivyo lazima ving'ae. Vingine vina dawa inayojulikana kuua, hivyo lazima viwe giza.

Fikiria uwanja wa Mkapa siku ya watani. Kama Simba wote wamekaa kwao na Yanga wote kwao, na katikati pana nafasi tupu, akija mtu mpya utajua yuko upande gani kwa kumwangalia alipokaa. Kama jezi nyekundu na za njano zimechanganyika mpaka katikati, mtu akikaa hapo katikati huwezi kusema ni wa nani.

Mwaka 1999 watafiti watatu, Zhang, Chung na Oldenburg, walitoa fomula ya kupima hiyo nafasi ya katikati. Inaitwa Z', yaani herufi Z yenye kialama juu. Inaangalia kundi la kung'aa na kundi la giza viko mbali kiasi gani, na kila kundi limetawanyika kiasi gani. Jibu likiwa 1 ni ukamilifu ambao haupo duniani. Kuanzia 0.5 kwenda juu, jaribio linaaminika. Trei ikishuka sana inatupwa na kazi inarudiwa, hata kama ndani yake kulikuwa na kishimo kimoja kizuri cha kutamanisha.

Na hata trei ikipita, bado. Ukifanya majaribio milioni 2 na ukakosea mara moja tu katika kila 1,000, tayari una "dawa" 2,000 za uongo. Ndiyo maana kila kemikali iliyoonyesha giza inarudiwa, halafu inarudiwa tena kwa vipimo tofauti, kingi, kidogo, kidogo zaidi, kuona inaanzia wapi kuua.

ZINABAKI NGAPI?

Mfano unaojulikana vizuri ni wa kampuni ya GSK, kwenye maabara yao ya Tres Cantos, Hispania. Walipima kemikali karibu milioni 2, na mwaka 2010 wakachapisha matokeo. Zilizosimama ni 13,533. Hiyo ni kama 7 katika kila 1,000. Zaidi ya 8,000 kati ya hizo ziliweza pia kukizuia kimelea ambacho ni sugu kwa dawa kadhaa za zamani. Na jambo la kusifu, waliiweka orodha yote wazi, mtu yeyote aichukue aifanyie kazi.

Kutokana na orodha kama hizo za GSK, Novartis na hospitali ya watoto ya St. Jude ya Marekani, shirika la Medicines for Malaria Venture la Geneva lilichagua kemikali 400, likaziweka kwenye seti moja waliyoiita Malaria Box, na kuanzia mwisho wa 2011 wakawa wanazigawa bure kwa watafiti. Sharti lilikuwa matokeo yatolewe hadharani. Seti hiyo ilikuja kwenye trei za vishimo 96, zile za kawaida. Maana yake maabara isiyo na roboti nayo iliweza kushiriki. Jamaa wenye mashine walifanya ile kazi ya mamilioni, wengine wakapokea iliyochujwa.

Lakini wingi sio kila kitu. Mwaka huo huo wa 2010 Novartis na wenzao walitangaza kemikali nyingine nzuri, ambayo baadaye iliitwa cipargamin. Hiyo ilitoka kwenye kapu la kemikali kama 12,000 tu, nyingi zikiwa za asili au zenye umbo la vitu vya asili. Kapu dogo lililochaguliwa vizuri nalo hutoa.

KISHIMO HAKISEMI NINI

Hapa ndipo nataka kila anayesoma apakumbuke, hata kama dakika zake za kafe zinaishia.

Jik inaua vimelea vya malaria. Mkojo wa betri unaua. Maji ya moto yanaua. Ukiweka chochote kati ya hivyo kwenye kishimo, kitakuwa giza totoro, na hakuna hata kimoja ambacho ni dawa. Kishimo kinajibu swali moja tu: je, kimelea ameacha kuzaliana? Hakijui kama ini lako litapona. Hakina tumbo, kwa hiyo hakijui kama kidonge kitafyonzwa au kitapita kama kilivyo. Hakina mimba. Hakina mtoto wa kilo 10.

Ndiyo maana kemikali zilizopita zinapimwa pia kwenye seli za binadamu, kwa mfano seli za ini, na ile inayoua vyote viwili inaondolewa. Kisha wanakemia wanaanza kuibadilisha, wanaongeza hapa wanapunguza pale, ili ikae zaidi kwenye damu, iwe salama zaidi. Kilichotoka kwenye kishimo na kilichoingia kwenye kidonge vinakuwa ndugu, lakini sio mtu mmoja. Halafu wanyama, halafu watu wachache wazima, halafu wagonjwa.

Angalieni ganaplacide. Taasisi ya San Diego ilichapisha kazi ya vishimo mwaka 2008. Matokeo ya wagonjwa wa Thailand na Vietnam yalitoka 2016. Matokeo ya Afrika yakatangazwa 2025. Miaka 17! Ile kazi ya kishimo, pamoja na roboti zote, ndiyo ilikuwa sehemu ya haraka.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia mtu anatangaza mmea au unga wake "umethibitishwa maabara kuua malaria", usimtukane na usimkimbilie. Artemisinin yenyewe ilitoka kwenye mmea, kwa hiyo mmea sio kitu cha kudharau. Muulize tu taratibu. Uliweka kiasi gani? Uliweka na vishimo visivyo na dawa, na vyenye dawa inayojulikana, ili kulinganisha? Ulirudia mara ngapi? Ulijaribu kwenye seli za binadamu pia? Amepewa mtu nani, na nani aliyehesabu waliopona na wasiopona? Mwenye kazi ya kweli atafurahi kuulizwa, maana maswali hayo alishajiuliza mwenyewe. Asiye nayo atakwambia una roho mbaya.

Na wewe uliye kidato cha pili au cha tatu unayesoma hapa ukisubiri kompyuta ya pembeni iachwe, hesabu zote nilizofanya leo ni za kuzidisha na kugawa. Ile Z' ukijua wastani na mtawanyiko, mambo ya takwimu ya sekondari, unaikokotoa kwa kalamu. Kimelea anayezoea dawa yuko Kagera, yuko Uganda, yuko Rwanda. Wa kumkabili nao itabidi wengine watoke huku huku.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mliopo vyuoni kwenye mambo ya maabara ongezeeni nyama, mwenye swali atupie hapo chini kwenye maoni. Wale wa "dawa ipo imefichwa" nanyi karibuni, tujadiliane kwa hoja.